Nyumba ya mchoraji mmoja: kabla Uganda haijamwaga zege

Kampala ina Makumbusho ya Uganda pale Kitante, ina Nommo Gallery kule Nakasero, ina jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha Makerere, na kuna majumba ya watu binafsi yanayoonyesha na kuuza picha. Makumbusho ya umma yaliyotengwa kwa mchoraji mmoja tu, mahali unapoingia ukamkuta mtu huyo tangu aliposhika brashi mara ya kwanza mpaka alipoiweka chini, hayapo. Kila anapofariki msanii mkubwa, wazo la kumjengea nyumba ya aina hiyo hurudi. Wapo wanaosema taifa lisilowatunza wachoraji wake halijiheshimu. Wapo wanaojibu kwamba fedha hizo zina kazi nyingine, na kwamba kumtukuza mmoja ni kuwafukia wengine kumi.

Mimi nataka nyumba hiyo iwepo. Lakini nikitazama jinsi makumbusho ya namna hii yalivyozaliwa kwingineko, naona kwamba wengi wetu tunaodai jambo hili tunaanzia mwisho. Tunazungumzia kiwanja, ramani na mfadhili wa kumwaga zege. Waliofanikiwa walianza na picha zenyewe: nani anazo, ziko ngapi, ipi isiuzwe kamwe, ipi iuzwe na kwa nani.

Makumbusho maarufu kuliko yote ya aina hii ni ya Vincent van Gogh, Amsterdam. Yalifunguliwa na Malkia Juliana tarehe 2 Juni 1973. Mchoraji alikuwa amefariki tarehe 29 Julai 1890, akiwa na miaka 37. Kati ya kaburi na mlango ule ilipita karibu miaka 83, na historia yote ya makumbusho yale imo ndani ya miaka hiyo.

Mdogo wake Theo, aliyekuwa akimtumia fedha za chakula na za rangi, alimfuata baada ya miezi sita, Januari 1891. Picha zikabaki mikononi mwa mjane wa Theo, Jo Bonger, mwanamke wa miaka 28 mwenye mtoto ambaye hakuwa ametimiza hata mwaka. Alirudi kwao Uholanzi, akafungua nyumba ya kulaza wageni katika mji wa Bussum ili apate riziki, na picha za shemeji yake akazitundika kwenye kuta za nyumba hiyo. Wakati huo jina la van Gogh lilikuwa halijulikani nje ya kundi dogo la wasanii na wakosoaji.

Jo alifanya kazi mbili zinazoonekana kupingana. Ya kwanza ilikuwa kuhifadhi. Alipanga barua za Vincent, akazihariri, akazichapisha mwaka 1914. Mwaka 1905 alikodi vyumba vya makumbusho ya Stedelijk mjini Amsterdam na kuonyesha kazi zaidi ya 400 kwa mpigo. Ya pili ilikuwa kuuza. Aliuza kwa miaka mingi, kidogokidogo, huku akiandika kila mauzo kwenye daftari lake la hesabu, na alipendelea kazi ziingie mahali ambapo zingeonekana na wengi. Mwaka 1924 aliiachia National Gallery ya London picha ya alizeti aliyokuwa ameikatalia mwanzoni, akasema ni sadaka kwa ajili ya utukufu wa Vincent. Mwaka uliofuata akafariki.

Hapa ndipo watu wa pande zote mbili za mjadala wetu wangepaswa kutulia kidogo. Wanaosema usiuze hata moja wakumbuke kwamba bila mauzo ya Jo pengine hakuna ambaye angemjua mtu huyo, na makumbusho yasingepata mgeni. Wanaosema soko litamtunza msanii lenyewe wakumbuke kwamba bila zile alizokataa kuuza, pasingekuwa na kitu cha kuweka ndani ya jengo. Jo alijua ipi ni ya kutoa na ipi ni ya kubaki. Ujuzi wa aina hiyo haununuliwi na serikali siku ya kukata utepe.

Kuna picha moja inayoeleza haya vizuri. Februari 1890, akiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, Vincent alipata habari kwamba Theo amezaa mtoto wa kiume na amempa jina la Vincent. Akamchorea mtoto matawi ya mlozi yaliyochanua. Huoni ardhi wala shina. Kuna matawi tu yaliyokatwa na kingo za picha, maua meupe yenye haya ya waridi kidogo, na nyuma yake buluu ya anga iliyojaa kila pembe, kana kwamba umelala chali chini ya mti. Familia haikuiuza. Yule mtoto aliyechorewa, Vincent Willem, akakua akawa mhandisi, na ndiye aliyefanikisha makumbusho. Aliikopesha Stedelijk mkusanyiko kwa miaka mingi, mwaka 1960 kikaundwa chombo cha wakfu cha familia, na mwaka 1962 yakafikiwa makubaliano: serikali ya Uholanzi ilitoa guilder (sarafu yao ya wakati huo) milioni 15, mkusanyiko ukawa mali ya wakfu, nao wakfu ukauacha kwa mkopo wa kudumu katika jengo ambalo serikali iliahidi kulijenga. Msanifu wake, Gerrit Rietveld, alifariki mwaka 1964 kabla ya ujenzi kuanza, wengine wakaimalizia kazi yake.

Angalia mpangilio ule. Mkusanyiko ulikuwa mzima kabla ya jengo. Haukuwa mali ya waziri yeyote, kwa hiyo hakuna serikali iliyoweza kuamka asubuhi ikauuza. Na serikali nayo ilikuwa na wajibu ulioandikwa. Pande tatu zilishikana kwa hati: ukoo, wakfu na dola.

Faida iliyopatikana ni kubwa kuliko sifa. Van Gogh alichora kwa takriban miaka 10 tu. Ukiwa na zaidi ya michoro ya rangi 200 chini ya paa moja, unamwona mtu akijifunza. Picha yake ya wakulima wakila viazi, ya mwaka 1885, ni ya kahawia na giza, mikono ya watu imechorwa kwa ugumu. Anafika Paris mwaka uliofuata na rangi zinafunguka mbele ya macho yako, ukuta baada ya ukuta. Unaona alipokosea, alipoiga, alipoacha kuiga. Kijana anayesomea uchoraji akiona picha moja nzuri ya mtu maarufu hutoka akiwa amevunjika moyo. Akiona 50 zilizotangulia ile nzuri, hutoka akijua kwamba kuna njia. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kuitetea nyumba ya mchoraji mmoja, na sijaona makumbusho ya mchanganyiko yanayoweza kufanya kazi hiyo vilevile.

Msimamo wa kutouza hata moja nao una mfano wake, tena mkali zaidi. Clyfford Still, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1904, aliliacha soko la sanaa la New York akiwa na jina, akaendelea kuchora na kuweka ghalani. Alipofariki mwaka 1980, wosia wake ulisema kazi alizoziacha zipewe mji wowote wa Marekani utakaokubali kuzitengea makao ya kudumu, ya kazi zake peke yake, na zisiuzwe, zisigawiwe, zisibadilishwe. Kwa zaidi ya miaka 20 hakuna mji uliofikia mapatano na mjane wake. Sehemu kubwa ya kazi za maisha yake ilikaa imeviringishwa, haionekani na yeyote. Denver ilikubali mwaka 2004, na makumbusho yakafunguliwa Novemba 2011.

Mwezi huohuo picha 4 zilipelekwa mnadani Sotheby's, kwa ruhusa ya mahakama, zikaleta dola milioni 114 za kuanzisha wakfu wa kuendesha nyumba hiyo. Hata wosia mkali kuliko wote uliishia kuhitaji kitu kiuzwe ili vilivyobaki vipate umeme, walinzi na mafundi. Denver ni mji tajiri. Kama wao walihitaji dola milioni 114 za kuanzia, anayetuambia kwamba Kampala itajenga kwanza na fedha za kuendesha zitajulikana baadaye ana deni la maelezo.

Sasa tuje nyumbani, ambako hoja dhidi ya mchoraji mmoja ina nguvu kuliko Uholanzi. Sanaa ya kisasa ya Uganda haikuanza na mtu aliyejifungia chumbani. Ilianza na darasa. Mwaka 1937 Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji barazani kwake, darasa likaingia Makerere, na kufikia mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilikuwa zimeonyeshwa London. Trowell aliamini wanafunzi wa Kiafrika wasifundishwe kuchora Kizungu. Aliyempokea mwaka 1958, Cecil Todd, aliona mambo tofauti, na mvutano ule wa walimu wawili umeacha alama kwenye kazi za vizazi. Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya, ndiye aliyechonga Mnara wa Uhuru wa mwaka 1962 tunaoupita kila siku katikati ya jiji. Sam Ntiro, Mchaga wa Kilimanjaro, alisoma na kufundisha Makerere, na picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku iko katika makumbusho ya MoMA, New York. Ukimtoa mmoja kati ya hawa ukamjengea nyumba peke yake, umeikata hadithi katikati. Wengi wao hata si Waganda kwa pasipoti. Makerere ilikuwa shule ya Afrika Mashariki yote, na sisi tunaosoma Kiswahili hapa Uganda tunalijua hilo vizuri kuliko wanaopima sanaa kwa mpaka wa Busia na Mutukula.

Hoja hii naikubali kwa kiasi kikubwa. Kinachonizuia kuikubali yote ni mtu mmoja: Jak Katarikawe.

Katarikawe alizaliwa Kigezi, hakupata elimu ya darasani, na miaka ya 1960 alikuwa dereva. David Cook, mhadhiri wa fasihi wa Makerere, aliona michoro yake akamtia moyo, na Ntiro akamshika mkono. Baadaye alihamia Nairobi, na huko ndiko alikoishi mpaka kufariki mwaka 2018. Picha zake huzitambui kwa mistari, kwa maana mistari haipo. Rangi inaingia kwenye rangi, zambarau inayeyuka ndani ya waridi, na kutoka humo anajitokeza ng'ombe wa pembe ndefu anayemtazama mwenzake kwa jicho la mpenzi. Anayefahamu ng'ombe wa magharibi mwa Uganda, jinsi wafugaji wanavyowapa majina na kuwaimbia, haoni mzaha humo. Ni ulimwengu mzima wa mtu mmoja, na picha moja haitoshi kuuingia.

Mcheza kwao hutunzwa, husema wahenga, lakini huyu alitunzwa zaidi ugenini. Makumbusho ya tamaduni za dunia mjini Frankfurt yalikusanya kazi zake, na mwaka 2001 yakampa maonyesho yake peke yake pamoja na kitabu. Kazi nyingine zilipita katika soko la Nairobi na kuondoka na wanunuzi wa nje. Mwaka 2021, mchoraji Michael Armitage alipofanya maonyesho Royal Academy, London, aliweka pembeni chumba cha wachoraji wa Afrika Mashariki kilichoitwa kwa Kiswahili Mwili, Akili na Roho. Katarikawe alikuwamo, na Theresa Musoke pia, mwanafunzi wa Makerere aliyeishi Nairobi miaka mingi kabla ya kurejea. Mwanafunzi wa Kabale anayetaka kumsoma Katarikawe kwa kina anahitaji viza. Jambo hili linaniuma, na sioni kwa nini tulizoee.

Wapinzani watasema: hata mkizirudisha, mtaziweka wapi? Swali ni la haki. Makumbusho ya Uganda yalianza mwaka 1908 na yako Kitante tangu mwaka 1954, katika jengo alilolibuni Ernst May. Mwaka 2011 ulikuwapo mpango wa kulibomoa ili pajengwe kituo cha biashara cha ghorofa 60. Wapenzi wa urithi walipiga kelele, wakaenda mahakamani, na jengo likasalimika. Makaburi ya Kasubi yaliteketea Machi 2010, na ilichukua mpaka Septemba 2023 kwa UNESCO kuyaondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Jengo kuu la Makerere liliungua Septemba 2020. Picha ya rangi za mafuta haihitaji hata moto ili ife. Unyevu wa msimu wa mvua unaleta ukungu nyuma ya kitambaa, mchwa wanapanda kwenye fremu, na jua la dirishani linafifisha rangi polepole mpaka siku unapogundua wekundu umekuwa udongo. Kuziweka zote za mtu mmoja mahali pamoja ni kumweka mtu huyo katika hatari moja.

Na matajiri nao hawako salama. Wezi walipanda ngazi mpaka juu ya paa la Makumbusho ya van Gogh Desemba 2002, wakaondoka na picha 2 ambazo hazikupatikana hadi mwaka 2016, nchini Italia. Makumbusho ya mchoraji Munch, Oslo, yaliporwa mchana mbele ya wageni mwaka 2004. Hawa walinzi na mitambo walikuwa nayo.

Wapo pia wanaopendekeza njia ya Dar es Salaam, na wana hoja. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa miaka michache tu kabla ya kupigwa risasi na polisi mwaka 1972. Hakujengewa makumbusho ya taifa. Ndugu na wanafunzi wake waliendelea na mtindo wake, wakaunda ushirika, na leo jina lake linalisha familia nyingi. Kama lengo ni riziki ya wasanii walio hai, mfano huo unashinda majengo yote niliyoyataja. Lakini jaribu kumtafuta Tingatinga mwenyewe, kazi ya mkono wake, uone ilivyo adimu kando ya zile zilizochorwa kwa mtindo wake. Jina limeishi na mtu amefifia nyuma yake. Sidhani tunalazimika kuchagua kati ya hayo mawili, ila tusijidanganye kwamba la kwanza linaleta la pili.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Jengo la peke yake, kwa sasa, hapana. Chumba cha kudumu cha mchoraji mmoja, ndani ya taasisi iliyopo, ndiyo, na kianze na Katarikawe. Makerere ndipo pangefaa zaidi, kwa sababu wanafunzi wako mlangoni, na kwa sababu mhadhiri wa palepale ndiye aliyemtia moyo. Kikiwa ndani ya jumba lenye kazi za akina Ntiro, hoja ya wale wanaoogopa kuwafukia wengine inapungua makali. Hata Amsterdam wanatundika kazi za wachoraji wa wakati wa van Gogh pembeni mwa zake. Na maelezo ya ukutani yawe na Kiswahili, maana mgeni kutoka Nairobi, Mwanza au Goma ana haki ya kujisomea.

Kazi ya kwanza haihitaji hata tofali. Iandikwe orodha ya kila picha ya Katarikawe inayojulikana: iko wapi, ukubwa wake, mwaka, nani anaimiliki, ina hali gani. Frankfurt wanazo kumbukumbu zao, wakusanyaji wa Nairobi wanazo zao. Picha zenyewe zinaweza kuombwa kwa mkopo, chache kwa zamu, na hiyo ni njia ya makumbusho duniani kote. Mwenye kumiliki picha ana sababu ya kukubali, kwa kuwa kazi iliyoonyeshwa na kuandikwa thamani yake hupanda.

Swali gumu ni la wachoraji walio hai, ambao kazi zao zinaondoka Entebbe kila wiki zikiwa zimeviringishwa ndani ya mirija. Huwezi kumwambia mtu mwenye ada ya shule ya kulipa asiuze. Unachoweza ni kumlipa kwa namna nyingine. Mexico tangu mwaka 1957 huwaruhusu wasanii kulipa kodi yao kwa kazi za sanaa, na dola imejipatia mkusanyiko mkubwa kwa njia hiyo. Ufaransa iliweka sheria mwaka 1968 inayowawezesha warithi kulipa kodi ya mirathi kwa sanaa, na ndivyo ilivyopata sehemu kubwa ya kazi zilizofungua Makumbusho ya Picasso, Paris, mwaka 1985, bila kwenda mnadani. Bunge letu linaweza kuipa URA, mamlaka yetu ya mapato, ruhusa ya kupokea picha badala ya shilingi, jopo la wataalamu likichagua na Makerere ikipokea. Wachoraji wengi hawana kodi kubwa ya kulipa, najua. Basi ruhusa hiyo ipewe pia kampuni zinazonunua sanaa ya Uganda: anayekabidhi picha kwa umma apunguziwe kodi kwa thamani yake. Rasimu ya kifungu hicho haizidi ukurasa mmoja, na mbunge yeyote anaweza kuanza kuipigania.